Msaliti ni nani? Kutoka Utengule mpaka sayari za mbali

Haya wapendwa, nimerudi. Najua nimepotea kama wiki tatu hivi, na wale mliokuwa mnaulizia kama nimekula disko mtulie, bado nipo kampasi. Ilikuwa testi juu ya testi, halafu bumu likachelewa, na mtu mwenye njaa haandiki kitu cha maana. Leo nimekaa hapa kimbwetani tangu saa kumi, nimejaza tumbo kwa chapati mbili na maharage, na nina jambo ambalo limenikaba wiki nzima.

Lilianzia kwenye semina ya historia. Mada ilikuwa ile ya siku zote: jinsi Waafrika walivyoupokea uvamizi wa wakoloni. Mhadhiri akachora mstari katikati ya ubao. Kushoto akaandika waliopinga, kulia walioshirikiana. Upande wa kushoto akaanza na Mkwawa. Upande wa kulia, jina la kwanza kabisa, akaandika Merere.

Sasa, wasomaji wangu wa zamani mnajua kwamba mimi ni Msangu. Na mwenzangu wa chumba ni Mhehe wa Kalenga. Yule bwana aligeuka taratibu kutoka kiti cha mbele, akanitazama, akapitisha kidole shingoni. Semina nzima ikaangua kicheko. Utani ni utani, mimi mwenyewe nilicheka, maana namdai mengi na yeye ananidai mengi. Lakini usiku tukiwa tumelala, taa imezimwa, akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, si ya utani: "Hivi mtani, kweli wazee wenu walikuwa wanafikiria nini?"

Nikakosa jibu. Miaka miwili na nusu nasoma historia, na nilikosa jibu la swali linalohusu kwetu.

Basi nikakimbilia kule ninakokimbiliaga siku zote nikishindwa na masomo: vitabu vya anga. Kuna watu wanaona riwaya hizi za sayari na vyombo vya angani ni mambo ya watoto. Mimi nasema anayetaka kuuelewa ukoloni azisome, kwa sababu zilizaliwa nao. H.G. Wells alipotoa The War of the Worlds mwaka 1898, mwanzoni kabisa aliwakumbusha Waingereza wenzake kile walichowafanyia watu wa Tasmania, kisha ndipo akawashushia viumbe wa Mars juu ya vichwa vyao. Kwa bahati tu, huo huo mwaka 1898, mwezi wa saba, ndio Mkwawa alipojipiga risasi asikamatwe na Wajerumani.

Ila Wells hakuwa na habari ya ushirikiano. Kwake mvamizi ni mvamizi na mwenyeji ni mwenyeji, hakuna anayekwenda usiku kuzungumza na upande wa pili. Waliokuja kuandika jambo hilo vizuri ni wanawake wawili wa Kimarekani.

Wa kwanza ni Ursula K. Le Guin. Huyu mama, aliyefariki mwaka 2018, alikuwa binti wa Alfred Kroeber, mtaalamu wa anthropolojia wa California. Kroeber ndiye aliyekaa na kufanya kazi na Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi, ambaye alijitokeza mwaka 1911 akiwa peke yake baada ya watu wake wote kumalizwa, akaishi kwenye jumba la makumbusho kule San Francisco mpaka alipokufa kwa kifua kikuu mwaka 1916. Le Guin alizaliwa 1929, hakumkuta. Lakini mama yake, Theodora, aliandika kitabu juu ya Ishi kilichotoka mwaka 1961. Kwa hiyo habari za walowezi na wenyeji huyu mama hakuzisoma darasani tu, zilikuwa mezani kwao.

Mwaka 1966 akatoa riwaya fupi, Planet of Exile. Kuna sayari ambayo mwaka wake mmoja ni sawa na miaka 60 ya kwetu. Fikiria: msimu wa baridi unakaa miaka kumi na tano! Mtu akizaliwa wakati wa masika anaweza kuzeeka hajaiona theluji mara mbili. Kwenye sayari hiyo wamo wenyeji, watu wa Tevar, wanaoongozwa na mzee wa ukoo aitwaye Wold. Na wamo walowezi, binadamu waliofika zamani na chombo, wakasahauliwa huko, wamejenga mji wao wa mawe kando ya bahari uitwao Landin. Wamekaa miaka mia sita na wanazidi kupungua.

Sasa msimu wa baridi unaingia, na kutoka kaskazini linakuja jeshi la watu wengine, wenyeji nao, waitwao Gaal. Zamani walikuwa wanapita makundi makundi, safari hii wameungana na wanateka kila mji njiani. Tevar peke yao hawawawezi. Landin peke yao hawawawezi. Kiongozi kijana wa walowezi, Jakob Agat, anakwenda kwa mzee Wold na kumwambia tuungane.

Hapo ndipo nilipokiweka kitabu chini nikaanza kutembea tembea koridoni. Maana tazama: Le Guin anakupa pande tatu. Sisi kwenye ubao wetu tulichora mbili. Mwenyeji na mgeni, mpinzani na msaliti. Lakini Wold anapoamua kama ashike mkono wa mgeni, hamtazami mgeni tu, anamtazama na yule mwenyeji mwenzake anayekuja kumchomea maghala ya nafaka. Na kwa Wold, Gaal si "mwenyeji mwenzake". Neno hilo halipo kichwani mwake. Neno "mtu" kila upande unalitumia kwa watu wake peke yao. Watu wa Tevar wakisema watu, wana maana ya Tevar. Walowezi wa Landin wakisema watu, wana maana ya Landin. Kila mmoja anamwona mwenzake ni kiumbe fulani hivi.

Muungano wenyewe, wapendwa, ulivunjika kabla haujaanza. Agat na Rolery, binti wa Wold, wakapendana. Vijana wa Tevar wakamvizia Agat wakampiga nusura wamuue. Wakati wazee wanabishana heshima ya nani imevunjwa, Gaal wakafika, Tevar ikachomwa. Waliosalia wakakimbilia ndani ya kuta za Landin, na huko ndipo walipopigana bega kwa bega. Yaani kile ambacho mazungumzo yalishindwa, moto ulikifanya. Mwishoni daktari wa Landin anagundua kwamba vidonda vya walowezi vimeanza kuoza. Unasema hiyo ni habari mbaya, siyo? Hapana! Miaka mia sita vijidudu vya sayari ile havikuwagusa kwa sababu miili yao ilikuwa migeni. Kuoza kidonda maana yake mwili umeanza kuwa wa pale, na huenda ndoa zikazaa watoto.

Ni kitabu kizuri lakini nina ugomvi nacho. Walowezi wa Landin ni wapole mno. Wana sheria inayowakataza kutumia au kuwafundisha wenyeji ufundi ambao wenyeji hawajaufikia wenyewe. Hawana bunduki ya kumzidi mtu, hawana kodi, hawana meli itakayoleta wengine elfu kesho. Ni wakimbizi tu. Ukiungana na mlowezi wa namna hiyo hupotezi kitu. Mjerumani wa mwaka 1894 hakuwa hivyo. (Le Guin mwenyewe nadhani aliliona hilo, maana mwaka 1972 alitoa The Word for World Is Forest, wakati wa vita vya Vietnam, na humo walowezi wanakata misitu, wanawatumikisha wenyeji, na hakuna muungano wowote, kuna kisasi tu. Hiyo nitaiandikia siku nyingine. Ndiyo inayofanana na sinema ya Avatar ya 2009, mkiona nawaambia.)

Aliyenimaliza kabisa ni wa pili, Octavia Butler.

Butler alizaliwa 1947 kule Pasadena, California, Mmarekani mweusi, mama yake alikuwa mtumishi wa ndani kwenye nyumba za watu. Alifariki mwaka 2006. Wengi wanamjua kwa Kindred ya 1979. Lakini mwaka mmoja kabla yake, 1978, alitoa riwaya inaitwa Survivor, na baadaye akaichukia mwenyewe. Alikataa isichapwe tena. Aliiita kwa dharau riwaya yake ya Star Trek, kwa sababu humo binadamu wanafika sayari nyingine, wanakuta watu, na papo hapo wanaweza kuzaa nao. Aliona ni uvivu. Nakala za zamani zinauzwa bei ambayo bumu la muhula mzima lingeisha. Mimi niliisoma kwa kuazima, siku nne, nikarudisha.

Kuna wamisionari. Wameikimbia Dunia kwa sababu ya ugonjwa unaobadilisha umbo la watoto wanaozaliwa, na dini yao ni kulitunza umbo la binadamu lisichanganywe. Wanatua kwenye bonde la watu waitwao Kohn, wenye manyoya yanayobadilika rangi, na rangi ndiyo cheo: kadiri unavyokaribia buluu ndivyo ulivyo mkubwa. Kohn wana koo zinazopigana. Wa bondeni ni Garkohn, chini ya Natahk. Wa milimani ni Tehkohn, chini ya Diut, ambaye ni wa buluu tupu.

Garkohn wanawapokea wageni vizuri sana. Wanawalisha tunda liitwalo meklah, linaota kila mahali bondeni. Wageni wanalipenda. Kumbe meklah ni kama madawa ya kulevya: ukishalizoea huwezi kuliacha, na wengi wanaojaribu kuliacha wanakufa. Na linaota kwa Garkohn. Kwa hiyo wale wamisionari wenye bunduki, waliodhani wamepata wenyeji watiifu wa kuwasaidia kulima, wamefungwa kamba bila kujijua. Natahk anawatumia kwenye vita vyake na Tehkohn.

Nimesoma ukurasa huo mara tatu. Kwa nini wamisionari hawakugundua? Siyo kwamba Natahk alikuwa na akili kuliko wao. Ni kwa sababu dini yao iliwaambia Kohn ni wanyama, na hakuna mtu anayechunga maneno yake mbele ya ng'ombe au anayedhani ng'ombe anapanga njama. Dharau ndiyo iliyowafumba macho. Mwenyeji wa Butler siyo mtu wa kuokolewa wala wa kulaumiwa, ana siasa zake na anamtumia mgeni kama mgeni anavyodhani anamtumia yeye.

Katikati yupo Alanna, msichana yatima, nusu mweusi nusu Mwasia, aliyelelewa na kiongozi wa wamisionari, Jules. Anatekwa na Tehkohn, anafungiwa mpaka meklah inamtoka mwilini, wenzake wanakufa na yeye anapona. Anakaa huko miaka miwili, anaolewa na Diut, anazaa binti. Halafu Garkohn na wamisionari wanavamia "kumwokoa", na kwenye uokoaji huo mtoto anauawa. Anarudishwa kwa wazazi wake wa kulea, na anatakiwa ashukuru.

Na ndiye anayetengeneza muungano wa pili, wa siri, kati ya Jules na Diut, ili wamisionari waache meklah na kulikimbia bonde. Anafanikiwa. Shukrani yake? Jules akishajua kwamba alikuwa mke wa Diut, anamkana. Watu wake wanaondoka kwenda kaskazini, wakiwa hai kwa sababu yake, na yeye anabaki na Tehkohn.

Nikarudi kwenye historia yenyewe sasa, ile ya kweli, nikiwa na macho mengine. Kwanza nikaenda Mexico, maana kule ndiko kesi mama ilipo. Mwaka 1519 Cortés anashuka na Wahispania takriban 500. Anakutana na watu wa Tlaxcala, wanapigana naye vikali, halafu wanafanya naye muungano. Vitabu vingi vinawaita wasaliti wa Mexico. Mexico ipi? Wakati huo haikuwepo. Kulikuwa na dola ya Mexica, yaani wale tunaowaita Waazteki, iliyokuwa imewazingira Tlaxcala pande zote, imewakatia chumvi na pamba, na vita haviishi.

Pale pia palikuwa na mabishano ndani ya ukoo. Katikati ya mwaka 1520 Cortés alifukuzwa Tenochtitlan usiku, akarudi Tlaxcala na watu wake wamejeruhiwa, nusu wamekufa. Wangeweza kummaliza siku hiyo. Mexica walituma wajumbe kuwaambia tummalize pamoja. Kijana mmoja mkuu wa vita, Xicotencatl, akasema ndiyo. Mzee Maxixcatzin na wenzake wakasema hapana. Agosti 1521 Tenochtitlan ikaanguka, mbele ya Wahispania wasiofika elfu moja na wapiganaji wenyeji makumi ya maelfu. Xicotencatl alikuwa ameshanyongwa na Cortés, na Maxixcatzin alikuwa ameshakufa kwa ndui iliyokuja na wageni. Yaani aliyesema hapana alikufa, na aliyesema ndiyo alikufa.

Walipata nini Tlaxcala? Walipata haki ambazo wengine hawakupata, wakazitetea kwa barua na kwa michoro. Kuna kitambaa kikubwa walichokichora miaka ya 1550 kuonyesha vita vile, na humo wao wenyewe wako mbele. Mwaka 1591 familia kama mia nne zikapelekwa kaskazini kuwa walowezi kwenye nchi za watu wengine. Mshirika wa mlowezi akawa mlowezi. Hilo hata Butler hakulifikia.

Basi Merere. Miaka ya 1870 Wahehe chini ya Munyigumba, baba yake Mkwawa, waliwafukuza Wasangu kutoka Utengule, mji wao. Wakaenda kujihifadhi Usafwa, karibu na Mbeya ya leo, wakakaa ugenini kama miaka ishirini. Agosti 1891 Mkwawa akalimaliza jeshi la Zelewski pale Lugalo. Sisi darasani tunashangilia, na mimi nashangilia. Lakini nikajaribu kukaa mahali pa Msangu wa mwaka 1891, kwenye kijiji cha ugenini. Kwake habari za Lugalo ni habari kwamba yule aliyemfukuza kwao amezidi kuwa na nguvu. Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Baada ya hapo Wasangu, walioungana na Mjerumani, wakarudishwa Usangu.

Hii haimfanyi Mjerumani kuwa mwema. Alikuwa na hesabu zake, na meklah yake. Mwulizeni Mpangile, ndugu yake Mkwawa, ambaye Wajerumani walimpa utawala mwishoni mwa 1896 na miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1897, wakamwua wao wenyewe. Jina lake halikuwepo ubaoni, si kushoto wala kulia.

Na kuna jingine ambalo nilimpa mtani wangu jana usiku, naye kwa kulipiza. Vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907. Wahehe hawakujiunga. Wapo waliopigana wakiwa wasaidizi wa Mjerumani, pamoja na Wasangu. Miaka saba tu tangu Mkwawa afe. Akanyamaza muda mrefu, nikadhani amelala. Halafu akasema, "Bibi yangu hajawahi kunisimulia hiyo." Nikamwambia nami sikuwahi kusimuliwa ya Merere mpaka nilipoikuta kwenye desa.

Ila nilimpigia simu baba Jumapili. Nikamuuliza, mzee, nyumbani walikuwa wanasemaje juu ya kipindi kile, wakati babu zetu walipojiunga na Mjerumani? Akakaa kimya kidogo, akasema yeye hajawahi kusikia mtu akisema walijiunga na Mjerumani. Alivyosimuliwa na baba yake ni kwamba huo ndio mwaka "tuliporudi nyumbani". Basi. Mjerumani kwenye simulizi yao hayumo, labda kama mtu aliyekuwa anapita njiani.

Nimeliandika hilo kwenye daftari na sijui nilifanyie nini. Mhadhiri atataka ushahidi wa maandishi. Mtani wangu ataniambia ndivyo wasaliti wote wanavyosema. Na mimi mwenyewe, nikiwa mkweli, nusu ya moyo wangu bado iko Lugalo.

Jumanne ni zamu yangu kuwasilisha semina, nimepewa dakika kumi. Nitaanza kwa kumwomba mhadhiri ruhusa ya kufuta ule mstari wa katikati nichore wangu wa pembe tatu. Akikataa nitawaambia. Akikubali pia nitawaambia. Sasa naenda kuoga kabla maji hayajakatika.